Vipimo Viwili vya Joto

Tangu moteri ya kwanza iungue, Jules hakuendesha tena kamio yake, lori kuukuu la mizigo, kwa utulivu. Iliunguia kwenye mlima wa Kashebere, katika miaka ile ya vita, akirudi Masisi na mzigo wa mawese. Alikanyaga mafuta ili ipande, turbo inayosukuma hewa ndani ya moteri ikalia, pistoni ikayeyuka bila kumwonya. Yeye na mkewe Kaswera waliiacha barabarani wakaja nyumbani kwa miguu, bunduki zikisikika nyuma yao.

Sasa kamio ilikuwa imevutwa hadi nyumbani na kufungwa moteri nyingine, lakini Jules hakuwa na raha. Hata akiwa mezani, moteri ikinguruma uani, alisimama ghafla kuisikiliza. Kaswera, mzaliwa wa Butembo katika ukoo wa wafanyabiashara, alichoka kumtazama.

"Masikio haitoshi, Papa," alisema. "Tutafute kipimo cha joto ya moshi. Moshi ikizidi moto, mushale utakuambia mbele ya pistoni kuungua."

Sebarenzi, muuza vipuri wa pale Masisi, alikuwa navyo viwili. Kimoja kipya, chenye uso mpana na taa za buluu. Kingine kilikuwa kimetolewa kwenye kamio kuukuu, kioo chake kimekwaruzika.

"Hii njo yangu," Jules alisema, akishika kile kipya.

"Ngoja," Kaswera alisema. "Kuwa mupya haiko kusema kweli. Tupime kwanza."

Sebarenzi hakukasirika. Aliwasha makaa, akaweka juu yake kopo lenye kipande cha risasi safi, ile metali laini na nzito. "Risasi inayeyuka kwa mia tatu na makumi mbili na saba," alisema. "Haibishane na muntu." Ilipoanza kuyeyuka na kung'aa, alitumbukiza ndani yake sonde za vipimo vyote viwili, zile fimbo nyembamba za chuma zinazosikia joto.

Mshale wa kile kuukuu ulipanda haraka ukatulia karibu na mia tatu na thelathini. Ule wa kipya ulijikokota hadi mia mbili na ishirini, ukakwama hapo. Waliacha risasi igande, wakaiyeyusha tena. Majibu yakawa yaleyale.

"Unaona?" Kaswera alisema. "Hii ingetuambia moshi iko baridi, na pistoni inayeyuka."

Sebarenzi aliigeuza sonde ya kile kipya, akatikisa kichwa. "Haiko ya kwake. Waliniuzia na sonde ya aina ingine."

Jules alikitazama kile kilichokwaruzika. "Na hii ikikufa njiani?"

"Ikufe ikisema kweli," Kaswera alimjibu, akakilipia.

Fundi alitoboa bomba la moshi karibu kabisa na moteri, kabla ya turbo, kwa sababu ukishapita turbo moshi umekwisha kupoa. Alimwonya Jules asiuache mshale upite mia saba, pistoni isije ikayeyuka. Hata nati za sonde hazijapata vumbi, simu ikalia. Alikuwa Benita, dada yake Kaswera, aliyeolewa Kashebere.

"Wapiganaji wako kwa mulima ya ngambo. Mukuye!"

Walikwenda mchana huohuo. Huko Kashebere kamio ilijaa watu, Benita miongoni mwao, na magodoro na mbuzi, kabla Jules hajamaliza kuigeuza. Walipoanza kupanda, milio ya bunduki ilisikika bondeni. Mshale ukapita mia tano, mia sita. Turbo ikaanza kulia. Watu wakapiga paa la kabina kwa ngumi.

"Kanyaga!"

Mshale ukagusa mia saba. Kila kitu mwilini kilimwambia Jules akanyage, lakini aliunyanyua mguu, akarudisha vitesi, yaani gia, chini, na kamio ikapanda polepole kama ng'ombe mwenye mimba.

Ndayambaje, mkulima wa Muheto aliyekuwa amekaa juu ya magunia, aliinama mpaka kwenye dirisha. "Uko unaenda kuzika nani? Tutakufa hapa!"

"Moteri ikiungua, tutashuka wote!" Kaswera alimjibu. Kisha akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Usiangalie nyuma. Angalia mushale."

Ulishuka hadi mia sita ukabaki hapo. Mlima ulikuwa mrefu kuliko siku zote, lakini waliumaliza.

Walipofika Masisi, watu walishuka. Ndayambaje alipita bila kuaga. Jules aliiacha moteri ingurume taratibu ili turbo ipoe, jasho likimtoka. Benita hakushuka.

"Bwana yangu Omer amebaki," alisema. "Mama yake hawezi kutembea. Alikataa kumuacha."

Jules alishika tena usukani.

"Turudi mbele ya barabara kufungwa," alisema.

Walimkuta Omer njiani, amembeba mama yake mgongoni, viatu vimemwishia. Walimlaza mama juu ya godoro nyuma, na kamio ikaupanda ule mlima mara ya pili, mshale chini ya mia saba.

Kesho yake barabara ilifungwa. Mama yake Omer alikaa kwao miezi mingi, akilalamikia baridi ya Masisi. Kamio ilisimama uani, moteri nzima. Kila asubuhi Jules aliizunguka, kisha akatoka kuwauliza watu wa pikipiki kama kuna aliyefika Kashebere, ili ajue kama barabara imefunguka.