Siku Dada Qudsia Aliposhinda na Njaa

Dada yangu Qudsia ana mtoto mmoja tu, Shariq, mwalimu wa hesabu, mpole mpaka anakera. Umri wa kuoa ulikuwa unamkimbia huku tunauangalia, kwa sababu kila mchumba aliyeletwa, dada alimtia kasoro. Huyu alipuliza chai. Yule mama yake alikaa kabla ya kukaribishwa. Mwingine alisema "naomba maji" kabla hajaulizwa kama ana kiu. Na mimi, Afroz, mdogo mtu, ndiye niliyezunguka Lucknow nzima kuomba radhi kwenye nyumba za watu.

Safari hii nikatafuta mbali, Mumbai. Bwana Hanif anauza vipuri vya magari, na binti yake Nargis ni mfamasia. Walikuja wawili, mama mtu alibaki nyumbani na goti lake bovu. Tukafanya kama tunavyofanya siku zote: wageni hawakai sebuleni kukodolewa macho, wanatembezwa mjini na kulishwa, na huku wazee wanampima binti bila kuonekana wanapima. Jioni wangepanda treni yao. Nilikuwa nimeshamwambia dada kwamba akimkataa na huyu, mimi nanawa mikono.

Asubuhi tulianzia Chowk, soko kongwe la mji, ukungu haujatoka. Ilikuwa majira ya ile malai ya baridi, maziwa yaliyopigwa mpaka yakawa povu lenye zafarani, kitu ambacho jua likichomoza kinakwisha. Bwana Hanif hakungoja. Alinunua vibakuli vya watu wote, akamnyooshea dada kimoja.

"Karibu, dada."

"La, asante. Kuleni nyinyi wageni."

"Haya," akasema Bwana Hanif, na akakila yeye.

Nilimwona dada akipepesa macho. Kwetu mwenyeji hatii kitu mdomoni mpaka mgeni amsihi. Akisihiwa anakataa. Akisihiwa tena anakataa kwa sauti ndogo zaidi. Mara ya tatu anaguna, "basi, kwa ajili yako tu," kisha anakula kuwashinda wote. Hakuna anayefundishwa haya, tunazaliwa nayo. Kumbe Mumbai mtu akisema hapana, amesema hapana, na maisha yanaendelea.

Ikaja nihari, nyama iliyochemka usiku kucha na mikate yake ya moto. "Dada, utaonja?" "La, nimeshiba." "Sawa." Zikaja kababu laini za kusaga, zile zinazoyeyuka bila kusumbua meno, juu ya chapati ya samli. Ilibaki moja kwenye sahani. Nargis akamgeukia dada kwa adabu kabisa.

"Mama, hii huli?"

"La, mwanangu."

Nargis akaikunja kwenye kipande cha chapati akaila mbele ya macho yake, tena akasema ni tamu.

Shariq ndiye aliyenishangaza. Kila alichopewa na Nargis alikipokea papo hapo, bila hata hapana moja ya kujikosha, mpaka masikio ya mama yake yakawa mekundu. Mimi je? Ningekulaje na dada mkubwa hajala? Nilimeza mate tangu Chowk mpaka Lango la Rumi, na ndani ya bajaji tumbo langu liliongea mpaka dereva akageuka.

Mchana tukafika Imambara Kubwa, lile jumba la kale la maombolezo. Tukavua viatu, tukapewa mwongozaji, mzee mmoja mchangamfu mwenye tambuu shavuni, maana kule juu kwenye vichochoro vya kupoteza watu hawaachi vijana waingie peke yao. Ngazi zile ni za kuvunja watu. Tulipofika kwenye ubaraza mwembamba unaopita juu ya ule ukumbi mkubwa, dada akashika ukuta na kusema hapandi tena.

"Tutawangoja hapa," nikawaambia. "Nendeni."

Wakaondoka na mwongozaji kuzunguka upande wa pili. Tukakaa chini kwenye baridi ya sakafu. Dada akavuta ushungi wake, akaanza kwa sauti ya chini.

"Afroz, nakufa."

"Si ungekula."

"Ningekulaje? Nimeulizwa mara moja. Mara moja, kama mtu anayeulizwa saa ngapi."

"Ndivyo walivyo, dada. Hawana nia mbaya."

"Sisemi wana nia mbaya. Binti mwenyewe nimempenda. Anacheka vizuri, na ana macho ya mtu asiyeficha kitu. Lakini ile kababu, Afroz. Ile ya mwisho. Aliila ninaiangalia. Kesho nikiugua nitalala na njaa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Waambie tumeshukuru, lakini haiwezekani."

"Dada, mwanao anazeeka."

"Tangu baba yake afariki, nani ameniambia mimi kula mara ya pili? Shariq anaweka sahani mezani na kufungua kitabu. Nataka mtu atakayeniona."

Alilia kidogo, na alikuwa anasema kweli.

Ndipo tukasikia kiberiti kikiwashwa. Kilisikika sikioni kabisa, na ubarazani hapakuwa na mtu. Nikainua macho. Ng'ambo ya ukumbi, mbali kule, walikuwa wamesimama wote wanne kimya kabisa, na mwongozaji ameshika njiti inayowaka. Alikuwa anawaonyesha jambo ambalo kila mtoto wa Lucknow analijua: ukuta ule unabeba sauti. Ukinong'ona huku, kule wanasikia kama umewaegemea begani. Tumeletwa hapa tangu tukiwa tunabebwa, tumechezea ukuta huo utoto wetu wote, na siku hiyo njaa ilitusahaulisha.

"Wamesikia?" dada akaniuliza kwa midomo tu.

"Tumesikia, dada," ukuta ukajibu kwa sauti ya Bwana Hanif.

Tuliposhuka kwenye bustani hakuna aliyemtazama mwenzake. Bwana Hanif alikuwa anasugua kioo cha simu ambacho hakikuwa na vumbi. Shariq alivaa viatu vyake taratibu kama anayefanya mtihani. Nargis hakuwepo, na nikajua imekwisha, ameona haya, ametangulia kwenye bajaji.

Akaja kutoka getini anatembea haraka, ameshika bakuli la majani lenye kababu, mvuke unatoka. Akaketi kwenye nyasi mbele ya dada.

"Kula, mama."

Dada yangu, Mungu amsamehe, alikuwa tayari kufa na tai shingoni. "La, mwanangu. Nimeshiba."

"Hujashiba. Nimekusikia." Nargis akakata kipande cha chapati, akakibonyezea nyama. "Mimi kubembeleza sijui, na sitakudanganya kwamba nitajifunza. Kwetu mtu mwenye njaa hatuulizi, tunampa. Sikujua kama una njaa. Fungua mdomo."

Dada akafungua. Akatafuna huku machozi yanamshuka, akafungua tena kabla hajaambiwa. Shariq alichuchumaa karibu yao, na kwa mara ya kwanza nilimwona akimtazama mama yake anavyokula.

Bwana Hanif akakohoa. "Dada, mimi ni mtu wa biashara, sijui kuzunguka. Treni yetu ni jioni hii. Niondoke na jibu gani?"

Hilo halifanyiki Lucknow. Upande wa binti hauulizi, na upande wa mvulana ukiulizwa unasema tutashauriana na wazee, Mungu akipenda, kisha wazazi wa binti wanawekwa roho juu mwezi mzima ili waone binti yao anachukuliwa na watu wenye heshima. Maneno hayo niliyajua kwa moyo. Nikafungua mdomo niyaseme.

"Namtaka," akasema dada Qudsia, kababu bado shavuni. "Kama na yeye anamtaka huyu bubu wangu."

"Tumeshaulizana kule juu," akasema Nargis, na Shariq akawa mwekundu mpaka shingoni.

Mimi nikasogeza bakuli upande wangu, nikala bila kukaribishwa na mtu.