Namba ya Mwaka Jana

Gaudensia hakuitikia salamu. Mfaume, mpiga utrasaundi, alitoa shikamoo mara mbili, na mara zote mbili yule mama akamtazama kama anayetazama nzi kwenye maziwa.

"Leo Wanyamwezi wamekuja na vita," Mfaume akasema huku akimpaka mzee Kasimiri jeli tumboni. "Au mzee umekula karanga za mbegu tena?"

"Za mbegu niliwaachia Wazaramo, labda watajifunza kulima," mzee akajibu kutoka kitandani, na wote wawili wakaangua kicheko.

Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu babu zao walipobeba pembe kwa miguu kutoka Tabora hadi pwani, na mtani hanuniwi. Ukimnunia, asiye na adabu ni wewe. Gaudensia alilijua hilo tangu utotoni, na ndilo lililomchoma, maana mwaka jana, katika chumba hiki hiki, alicheka pamoja nao.

Miaka mitatu nyuma, mshipa mkubwa wa damu wa mumewe ulivimba tumboni kama mpira wa baiskeli unaotaka kupasuka. Dar es Salaam wakapitisha mrija wa kitambaa ndani yake ili damu ipite humo. Daktari Imakulata, aliyemtibu, alimkalisha Gaudensia chini akamweleza taratibu: uvimbe wa nje bado upo, unatakiwa usinyae. Kila mwaka upimwe upana kwa sentimita, namba iandikwe, ilinganishwe na ya nyuma. Ukianza kukua, huenda damu inavuja pembeni ya mrija, na mzee anaweza asisikie maumivu yoyote mpaka siku utakapopasuka.

Mwaka wa kwanza iliandikwa tano nukta moja. Mwaka wa pili Kasimiri alisema, "Mtani, nipime vizuri nisije nikafa," naye Mfaume akajibu, "Mnyamwezi hafi, anatua mzigo tu apumzike." Walicheka mpaka wajawazito waliokuwa kwenye foleni wakachungulia. Kicheko kilipoisha, tumbo lilikuwa limeshafutwa jeli, na karatasi imeandikwa neno moja: Kawaida.

Wiki iliyopita, nyumbani Igalula, Gaudensia alizitandaza karatasi zote mezani kwa ajili ya safari hii. Shule yake iliishia darasa la saba, lakini alizisoma herufi kwa herufi. Akaitafuta namba ya mwaka jana. Hakuna.

"Leo hakuna utani," alisema. "Nataka sentimita."

"Mama, ninyi watu wa kubeba, kupima mmeanza lini?"

"Nimesema hakuna utani! Mfaume, nisikilize. Huyu akifa, halafu uje msibani ujilaze kaburini mwake kudai haki ya mtani, nitakufukia humo humo. Pima!"

"Mama Bertila, mwache kijana wa watu," Kasimiri akasihi.

"Na wewe nyamaza. Tumbo ni lako, lakini mjane ni mimi."

Mfaume akapima. Akarudia. Akarudia tena, na safari hii hakuwa na la kuchekesha.

"Tano nukta nane."

"Na mwaka jana?"

"Iliandikwa kawaida."

"Nimekuuliza namba."

"Mama, foleni ilikuwa ndefu, mashine yenyewe moja..."

"Foleni haikukuzuia kucheka! Muda ulioutumia kututania ungetosha kupima ukoo mzima."

Akatoa simu, akampigia Daktari Imakulata, akaweka sauti ya wazi. Daktari alisikiliza, kisha akauliza, "Mwaka jana ilikuwa ngapi? Nataka kujua imekua pole pole au ghafla."

Gaudensia aliisogeza simu mpaka mdomoni mwa Mfaume.

Mfaume akautazama mlango. Akamtazama mzee, ambaye sasa alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Sikupima, daktari."

"Sikusikii."

"Sikupima. Niliandika tu."

Daktari akasema, "Basi siwezi kubahatisha. Nachukulia imekua haraka. Mama, mlete kwa usafiri wa kwanza mtakaoupata. Asibebe kitu. Tumbo au mgongo ukimuuma njiani, hospitali ya karibu, hapo hapo."

Gaudensia akakata simu. "Hayo yote yaandike. Namba ya leo, na kwamba mwaka jana hakupimwa. Jina lako na sahihi."

"Mama yangu, nitafukuzwa kazi."

"Utafukuzwa ukiwa hai."

Mfaume akavuta kiti. Kasimiri, akijifuta jeli, akasema kwa sauti ndogo, "Mtani, nitanie basi, hata kidogo," lakini Mfaume hakuinua kichwa.

Gaudensia alisimama nyuma ya bega lake akisoma kila herufi inapotua. Alipoona ameandika kwamba mwaka jana mgonjwa "hakuonekana vizuri", alimpokonya karatasi, akaichana vipande viwili, akamwekea nyingine mbele yake.

"Anza upya," alisema. "Na fanya haraka, tuna safari."