Mji Alionipa Mwalimu

Kazi ya mjukuu wangu sikuielewa hadi nilipoiona kwa macho. Huwachukua watu waliochoka moyo, akawapeleka msituni, akamkalisha kila mmoja chini ya mti wake, kimya, saa nzima. Simu zinabaki kwenye kikapu, viatu vinavuliwa ili nyayo ziguse udongo. Majirani humwita Mganga wa Majani. Mimi hubeba chupa za chai.

Siku hiyo walikuja sita. Wa mwisho alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke wa makamo. Alimuuguza mama yake miaka tisa katika nyumba waliyoishi wawili tu, mama akafariki, na tangu mazishi hasemi ila "asante" na "hapana". Kaka yake alimshusha getini, akaninong'oneza, "Bibi, huyu asiachwe peke yake."

Nikasema sawa. Kisha nikaenda kupanga vikombe, na neno lenyewe likanitoka kama maji kwenye pakacha.

Saa kumi filimbi ikalia. Wakarudi watano.

"Tumsubiri kidogo," mjukuu wangu akasema. "Wengine husinzia."

Tukasubiri. Mawingu yalikuwa yameshuka, na mto ulio nyuma ya miti nikaanza kuusikia vizuri kuliko nilivyopenda. Tukawaacha wale watano na chai, na tulipofika kwenye mti wake tulikuta utepe mweupe wa alama, na viatu vyake vimepangwa pamoja kama vya mgeni mlangoni. Mwenyewe hayupo.

Hapo ndipo nikamwambia mjukuu wangu. "Mke mwenzangu, kaka yake aliniambia asiachwe peke yake. Nilisahau."

Tumetaniana mimi na yeye tangu anatambaa, lakini hapo hapakuwa na utani. "Bibi," akasema polepole, "kumwacha peke yake ndicho tulichomfanyia."

Akaita. "Mwalimu. Mwalimu ee." Tukaufuata mto, yeye mbele, mimi nyuma. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, hayaonyeshi ndani. Katika kila gogo niliona mgongo wa mtu.

Nikawaza: huenda anasikia. Asiyetaka kuonekana haitiki jina lake. Lakini kuna neno moja ambalo mwalimu wa watoto wadogo hawezi kulinyamazia, kama vile mtu asivyoweza kuzuia chafya.

Nikavuta pumzi, nikapaza sauti. "Kitendawili."

Mto tu. Mjukuu wangu akanishika mkono. Nadhani aliona nimeanza kuchanganyikiwa.

"Kitendawili."

"Tega."

Sauti ilitoka nyuma ya matete, ndogo, ya kukwaruza. Alikuwa amekaa ukingoni, magoti kifuani, nyayo majini. Mjukuu wangu alitaka kumkimbilia, nikamzuia. Ukishatega, unamaliza.

"Nyumba yangu haina mlango."

Hicho hata mtoto wa miaka minne hukijibu: yai. Yeye amekifundisha miaka ishirini.

"Nimeshindwa," akasema.

"Basi nipe mji."

"Chukua nyumba yangu." Hakugeuka kunitazama. "Mimi siwezi kurudi mle. Niliwasikia mkiniita. Niliogopa mkiniona mtanirudisha."

Nikajikongoja hadi pale, nikaketi kando yake, miguu yangu nayo majini. Yalikuwa baridi ya kuuma. Nikamshika kiwiko, kwa nguvu, nisimwachie tena.

"Mji nimeupokea," nikamwambia. "Lakini mji hauchukuliwi bila kukaguliwa, na ufunguo unao wewe. Tunakwenda wote, na leo nalala huko. Ila nakoroma, nakuonya mapema."

Akatoa mguu mmoja majini.

"Mama alikuwa anakoroma," akasema.

Mjukuu wangu akaleta viatu. Mwalimu akavaa kimoja. Kingine alikipakata mapajani muda mrefu, matone ya mvua yakianza kutuangukia, nasi tukasubiri. Hakuna aliyemharakisha. Wala hakuna aliyeondoka.