Ushuhuda wa Abeli kwa Wakala wa Bima

Mume wangu Abeli alifungiwa leseni miezi sita kwa kupigwa tochi ya mwendo kasi mara tatu ndani ya hifadhi ya Mikumi, akiwahisha nyanya za watu. Ni hilo tu. Hajawahi kugonga hata kuku.

Lakini mwanamume akikaa nyumbani miezi sita lazima ajitafutie kazi, na Abeli aliipata kanisani. Huku kwetu milimani Kilosa, anayetoa ushuhuda huanza na uovu aliokuwa nao kabla ya kuokoka, na uovu ukiwa mkubwa ndipo watu huimba vizuri. Jumapili ya kwanza Abeli alikiri mwendo kasi. Wakaitikia kivivu. Jumapili ya pili akaongeza gongo. Ya tatu akamgonga twiga. Kufika Pasaka alikuwa amemaliza nusu ya hifadhi, wakamchagua mwenyekiti wa kikundi cha uamsho. Mimi nilinyamaza, maana mke akimkosoa mumewe kanisani, yeye ndiye huombewa.

Leseni ilipofunguliwa, hoteli moja ya Mikumi ilikubali tuwapelekee mboga kwa kirikuu, kigari chetu cha mizigo, kuanzia Jumanne, kwa sharti gari liwe na bima kubwa. Miezi sita tulikuwa tumekula kwa cherehani yangu, na mgongo ulikuwa umenichosha. Niliitaka kazi ile kuliko yeye.

Ijumaa tukashuka Kilosa mjini kwa wakala wa bima, binti mpole anayeitwa Lightness.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, naona leseni yako ilifungiwa. Kampuni inataka historia yako ya udereva. Nieleze tu, usifiche kitu."

Jamani, kumwambia Abeli asifiche kitu. Alisimama, akavua kofia.

"Bwana asifiwe."

"Amina," alijibu Lightness, vidole kwenye kompyuta.

"Nilikuwa dereva wa giza, binti yangu. Nimeendesha nimelewa gongo toka Mikumi hadi Kidodi. Nimegonga twiga. Nimegonga nyati wawili. Lori la miwa nimelisukumia mtaroni."

"Hao nyati, kwa mpigo au siku tofauti?"

"Siku tofauti," alisema Abeli, na machozi yalikuwa ya kweli.

Nikamvuta shati. Akadhani namtia moyo, akaongeza tembo.

Lightness aliisoma kompyuta yake taratibu. "Baba, mtu mwenye historia hii kampuni haimkatii bima kubwa."

Hapo hasira zikanipanda. "Mwanangu, futa yote hayo. Huyu baba hata togwa ya watoto ikilala inampanda kichwani. Alipigwa tochi akienda sabini penye hamsini, mara tatu, basi."

"Ni kweli, baba?"

Abeli alivaa tena kofia yake. "Ni kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Ila ilikuwa sitini na nane."

Maelezo yalikuwa yameshaingia kwenye mfumo. Kuyaondoa, alisema Lightness, kulitaka barua yenye mhuri kutoka kwa mtu anayemfahamu Abeli. Mchungaji angefaa. Akiipata Jumatatu, bima ingetoka siku hiyohiyo.

Mchungaji Lukasi alitusikiliza hadi mwisho. Akasema mambo yale aliyasikia kwa masikio yake, mbele ya madhabahu, kwa hiyo hawezi kuyapigia mhuri wa kuyakana mpaka Abeli ayakane palepale alipoyasema.

Jumapili Abeli alisimama. Alimtoa twiga. Akawatoa nyati, mmoja mmoja. Alipoitoa gongo, bibi mmoja wa mbele alisikitika waziwazi. Zilibaki tochi tatu na nyanya za watu. Hakuna aliyeanzisha wimbo, na vijana wa kwaya walikuwa wanacheka ndani ya vitabu vyao. Mchungaji akapiga mhuri. Uenyekiti wakampa Samweli kabla ibada haijaisha.

Abeli alirudi kukaa karibu nami, jasho linamtiririka.

"Mama Rebeka," alininong'oneza, "nimeaibika sana?"

"Sana," nilimwambia. "Lakini huu ndio ushuhuda wako wa kwanza nilioweza kuuitikia Amina."