Bima ya Wakili Masila

Wakili Masila alinikosea, na alikiri mwenyewe. Tulikuwa wawili tu ofisini kwake, Machakos mjini, mlango umefungwa. "Mama, ni mimi," akaniambia. "Nilisahau kupeleka rufaa kortini na sasa muda umeisha. Pole sana." Hivyo ndivyo shamba letu la Kalama, alikozikwa mume wangu Titus, lilivyokuwa la jirani yetu Muema: msomi mzima alisahau!

Nilikasirika, ila nilimheshimu kwa kusema ukweli, nikamwomba kitu kimoja. Shemeji yangu Nzioka alikuwa akitangaza kila mahali, hadi kanisani, kwamba Muema amenihonga ili niiache kesi ife. Kwetu, aliyekosa huja nyumbani akasema kwa mdomo wake mbele ya ukoo, na maneno yakaishia hapo. "Kuja Jumamosi uwaambie," nikamwambia. Akakubali.

Jumamosi akaja, suti na tai. Mama mkwe wangu, Kasiva, ndiye peke yake aliyekuwa bado upande wangu; tulikutana kwake, ukoo mzima, na alimchinjia kuku. Masila akala akashiba. Kisha Nzioka akamwuliza, "Wakili, rufaa ilikufa aje? Ni huyu alikuambia uache?"

Masila akapangusa mdomo. "Hiyo maneno iko kwa watu wa bima. Siwezi kuisemea."

"Wakili, si uliniambia ni wewe?"

"Mama, siwezi kuisemea."

Nilimfuata hadi kwenye gari lake. Ndipo akaninong'oneza kwamba kila wakili hukata bima, ili akiharibu kazi, kampuni imlipe mteja. Na kampuni yake imemwonya: akikiri kosa kwa mtu yeyote, hawatalipa hata senti, naye atafilisika. "Nyamaza tu, mama. Utalipwa vizuri. Mimi pia niko na watoto."

Ana watoto! Kwani wangu ni vifaranga? Akatiwe bima dhidi ya makosa yake, sikatai. Lakini mimi nani alinikatia bima dhidi ya ulimi wa Nzioka? Neno moja tu, lisilogharimu chochote kulitamka, ndilo walilomkataza, na kuku wa mama wa watu alikuwa tumboni mwake.

Pesa zilikuja kweli. Nilitia sahihi karatasi iliyosema wanalipa ila hakuna aliyekosa, kwa sababu karo ya shule haingoji heshima. Nilitaka kununua kipande cha ardhi kule Kola, nimhamishie Titus huko. Nikaenda mwenyewe kumwambia mama mkwe, ninayemwita mwaitu, kabla Nzioka hajamfikia.

Nilimkuta akipepeta ndengu.

"Ni pesa ya nani?" akauliza.

"Ya bima, mwaitu. Wakili alikosa, sasa wamelipa."

"Wamesema alikosa?"

Nikasema wamelipa tu. Karatasi ile ilikuwa na sahihi yangu.

"Si aliketi hapa kwangu akakula," akasema, "na hakusema amekosa."

"Mwaitu, aliniambia mimi. Tukiwa wawili."

Aliweka ungo chini, akaniangalia kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Kila siku nilikuwa nakutetea, Kalekye," akasema. "Kumbe uliuza mtoto yangu na kaburi yake."