Bikoni ya Nne

Mpima alipiga magoti juu ya kaburi, akatoa brashi mfukoni, akaanza kukipangusa kichwa cha jiwe taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto makombo mdomoni. Hakujua kwamba ni kaburi. Vumbi la miaka tisa likatoka, msumari wa chuma uliozamishwa katikati ya zege ukajitokeza, na ubavuni ikasomeka namba nne. Mpima akacheka kwa sauti, peke yake, nyikani.

Mama Bendera alikuwa amesimama hatua kumi kutoka hapo, bendera nyekundu imekunjwa kwapani, redio ya upepo inaning'inia shingoni. Aliyelala chini ya magoti yale alikuwa mume wake.

Juu ya uwanda ule mkavu, mahali gari linapopita mara mbili kwa wiki, serikali ilikuwa imegawa vitalu kumi na vinane: vya kokoto, vya chokaa, vya jasi, na vingine vya watu waliokuja kutoboa ardhi wachungulie tu kilichomo, kisha wakaondoka bila kusema walichokiona. Kila kitalu kilikuwa na leseni yake, na kila leseni na mawe yake manne ya mpaka, yale wanayoyaita bikoni. Karibu yote yalitoka katika mkono mmoja. Fundi Zege, mume wa Mama Bendera, aliyamimina uani kwake katika kalibu ya mbao, mchanga kauchekecha mara mbili, na msumari hakuutia mpaka zege lianze kushika. Watu walimtania kwamba angeweza kuuzungushia uwanda wote ua, kama angepewa saruji ya kutosha.

Jiwe la nne la kitalu cha kumi na saba lilivunjika kona wakati wa kulishusha garini. Fundi hakulala vizuri kwa ajili ya kona hiyo. Akamimina jingine. Lakini wapima wa siku zile walikuwa na haraka zao, wakalisimika lile lile lililovunjika na kuondoka. Lile zima likabaki uani, kuku wakalifanya kiti, mkewe akalifanya kinoo cha visu. Kifua kilipomchukua fundi mwaka uliofuata, hapakuwa na msalaba wala ubao wa maana, na mdogo wake akasema, "Kaka asilale bila kazi ya mikono yake." Wakalibeba jiwe watu wanne, wakalisimika kichwani pake. Upepo ukasawazisha tuta. Mjane akalizungushia jiwe duara la mawe madogo, na kila mwaka akayapaka chokaa, asijue kwamba ndivyo hasa wapima wanavyozizungushia bikoni zao ili zionekane kwa mbali.

"Mama," mpima akaita, "wewe ni mwenyeji hapa?"

"Miaka ishirini na sita."

"Basi wewe ndiye bahati yangu. Siku kumi na moja naitafuta namba nne! Karatasi inanipeleka kule kwenye kifusi, nikienda, jiwe silioni. Kumbe limekaa hapa linanitazama tu." Akalipiga kofi la urafiki. "Liko hapa siku nyingi?"

"Lina miaka tisa hapo."

"Tisa, kumi, ndiyo leseni yenyewe. Halijawahi kuhamishwa?"

"Halijawahi."

"Na aliyelifanya?"

"Fundi yule yule aliyefanya mengine yote."

Majibu matatu, yote kweli tupu, na bado yakamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mpima alikuwa amekwisha kufungua miguu mitatu ya kipimio chake, mguu mmoja ukatua pale ambapo, kwa hesabu ya mjane, palikuwa na magoti ya marehemu. "Sisi tuna sheria moja nzuri sana, mama," alisema huku akifumba jicho moja. "Karatasi na jiwe zikigombana, jiwe linashinda. Na nikishaliandika, hakuna wa kuligusa. Mchimbaji akiling'oa hili, anakwenda jela."

Hakuna wa kuligusa. Neno hilo lilimwingia Mama Bendera kama maji ya baridi. Kwa mwaka mzima alikuwa anaupima ukingo wa machimbo kwa miguu yake, akitoka kazini. Mwanzo hatua mia mbili kutoka ukingoni mpaka kaburini, kisha mia na ishirini, sasa themanini. Hakuwahi kumwambia bosi yeyote kwamba pale pana mtu, maana aliogopa wasije wakamfukua na kumpeleka mahali asipopajua. Usiku na mchana alimwomba Mungu njia, na sasa njia ilikuja na kofia kichwani na penseli sikioni. Nani angeirudisha?

Mchana, kabla ya baruti, shemeji yake alikuja kibandani kwake na chakula chake mkononi. Ndiye mlipuaji wa machimbo, wenzake humwita Ngurumo, na habari ilikuwa imemfikia.

"Shemeji, nimesikia kaka karudi kazini."

"Usimfanyie mzaha marehemu."

"Angekuwa hai angecheka kunishinda. Tena karudi na cheo! Aliondoka kibarua, karudi bikoni. Bosi mwenyewe atampita kwa adabu." Akacheka, mjane hakucheka, naye akaacha. Akaliweka sufuria chini. "Umeulizwa, umejibu. Umesema uongo?"

"Sikusema."

"Basi uufunge mdomo wako kama pipa la baruti. Kaburi lile la kaka nililichimba kwa mikono hii, shemeji. Sitaki siku moja niamriwe kutoboa matundu ya baruti pale pale. Nitakataa, watanifukuza, atakuja mwingine atoboe. Nyamaza, kwa ajili yangu kama si kwa ajili yako."

Mama Bendera alimnawisha mikono, kama kila siku.

Kazi ya Mama Bendera ilikuwa neno moja. Kila saa saba na kila saa kumi, kabla ya mawe kulipuliwa, aliifunga njia inayopita nyuma ya machimbo. Aliikagua kutoka mwanzo mpaka mwisho: wachungaji, wanawake wa kuni, mbuzi aliyebaki nyuma. Aliita vichakani, akachungulia chini ya daraja la mbao. Kisha alisimama kilimani, redio ikauliza, "Njia safi?" naye akajibu, "Safi." Baada ya hapo Ngurumo alibonyeza swichi yake. Hakuna aliyewahi kupanda kuhakikisha. Miaka saba watu wamekula na kulala juu ya neno lake, wala hawakuwahi kulifikiria, kama mtu asivyoifikiria sakafu anayoikanyaga.

Siku hiyo njia ilikuwa tupu. Hata upepo ulikuwa umekaa.

"Njia safi?"

Akafungua kinywa. Sauti haikutoka.

Akaitazama njia tena. Tupu. Lakini asubuhi vilevile alijibu yaliyo kweli, na ndani ya kweli hiyo akamficha mtu mzima. Kama aliweza pale, ataliaminije neno lake hapa? Akashuka mbio na umri wake wote, akaikagua njia upya, akachungulia tena chini ya daraja, akarudi kilimani akihema.

"Mama Bendera, umelala? Njia safi?"

"Safi," akasema, lakini ilitoka nyembamba kama uzi.

Redio ikakwaruza, kisha ikasema jambo ambalo haikuwahi kulisema katika miaka saba: "Sema tena. Una hakika?"

"Safi. Nina hakika."

Ardhi ikatikisika, vumbi la kijivu likapanda likasimama. Hakuna aliyeumia. Mama Bendera alikaa chini palepale, bendera mapajani. Alijaribu kusali, akafika pale anapomshukuru Mungu kwa kumpa njia, akashindwa kupita.

Alimkuta mpima anafunga mizigo. Dereva alikwisha kuwasha gari. Kitalu kingine kilikuwa mwendo wa nusu siku.

"Mwanangu, zima gari kidogo."

"Mama, nitachelewa—"

"Lile si bikoni. Ni mume wangu."

Mpima alitabasamu kwanza, kama mtu anayesubiri sehemu ya pili ya utani. Haikuja. Mama Bendera alimweleza yote, kona iliyovunjika, kuku, kinoo, watu wanne waliobeba. Mpima akavua kofia. Akatazama viatu vyake.

"Nimemkanyaga mzee wa watu."

"Magotini tu. Alizoea wapima, hatakulaumu."

"Mama." Alishusha sauti, dereva asisikie. "Unaelewa unachokitupa? Ungenyamaza, lile jiwe lisingeguswa milele. Hiyo ya kweli ikiwa kule kifusini, basi mume wako yuko ndani ya kitalu. Ndani kabisa. Wana leseni ya kuchimba hapo, na kila muhuri upo."

"Naelewa. Ile sheria ya jiwe na karatasi, yeye ndiye aliyenifundisha, kabla wewe hujaanza shule."

"Sasa kwa nini?"

Alifikiri jinsi ya kulisema. "Saa saba nimeulizwa kama njia ni safi," akasema, "nikaulizwa mara mbili. Miaka saba waliniuliza mara moja tu."

Mpima hakuelewa, au alielewa nusu. Hata hivyo alichukua sepetu garini.

Walikwenda kwenye kifusi, hatua sitini na tatu kupita kaburi, upande wa mbali na machimbo. Karatasi iliwaonyesha mahali, na mpima akachimba mpaka shati likamgandama mgongoni. Karibu na saa kumi sepetu liliita. Mama Bendera akainama, akaondoa changarawe kwa viganja, na vidole vyake vikakifikia kichwa cha jiwe, msumari, ubavu, kisha pale ambapo kona ilikuwa imekatika. Akapitisha kidole gumba kwenye jeraha lile la zege. Kwa ajili yake fundi aligeukageuka kitandani wiki nzima.

"Ndilo hili," akasema. "Hili ndilo lililomnyima usingizi."

Mpima alipima, akaandika, akafuta namba za asubuhi. Kisha akarudi peke yake hadi kaburini, akasimama safari hii nje ya duara la mawe meupe, daftari mkononi. Mama Bendera alikuwa amekwisha kupanda kilimani kuikagua njia.

"Mama!" akapaza sauti kutoka chini. "Lazima nilionyeshe kwenye ramani! Niandike kaburi la nani?"

"Andika la fundi wa mawe yote unayoyatafuta!"

"Watakuja kukuuliza!"

"Waje! Mimi nipo!"

Mpima akainamisha kichwa, akaandika polepole, na alipomaliza hakuondoka. Alibaki pale, kofia kifuani, kama mtu aliyefika matangani akiwa amechelewa.

Redio ikakwaruza. "Mama Bendera. Njia safi?"

Aliikagua kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho. Akabonyeza kitufe.

"Bado."

"Kuna nini?"

"Kuna watu wawili. Pale kwenye jiwe."

Ngurumo alikuwa na macho ya mwewe, na kutoka kwenye kibanda chake cha zege aliiona ile sehemu vizuri. "Namwona mpima," alisema. "Mmoja tu."

"Wawili," akasema Mama Bendera. Sauti yake ilikuwa imerudi mahali pake.

Watu walikuwa wamejibanza nyuma ya mawe wakisubiri mshindo. Mama Bendera akaikunjua bendera nyekundu, akaiinua juu kwa mikono miwili, na upepo uliokuwa umekaa tangu mchana ukaamka ukaishika.

"Nimekusikia, shemeji," ikajibu redio mwishowe, taratibu, mbele ya wote waliokuwa wakisikiliza. "Nasubiri."