Stelingi wa Saa Nane

Saa nane kasoro dakika tano Jattani alifuta ubao kwa kitambaa chenye maji, akaandika kwa chaki jina la filamu ya mchana, kisha akachomoa friji ya soda ili televisheni ipate nguvu ya kutosha. Ndani ya banda lake la mabati, kwenye benchi la pili kutoka mbele, wazee watatu walikuwa wameshakaa kama kawaida yao. Guyo, dalali wa mifugo aliyestaafu kutoka Sericho, alikaa upande wa ukuta ili apate pa kuegemea. Mbugua, mwenye duka la misumari na mabati, alikaa katikati kwa sababu ya mwili. Rimberia, fundi wa akala, alikaa mwisho wa benchi karibu na mlango, mahali ambapo mtu akiitwa anasikia.

Filamu ilikuwa ya Kichina, imetafsiriwa na yule jamaa wa Nairobi anayepiga kelele juu ya sauti za waigizaji, akiwapa majina ya mitaani na maneno ambayo hawajasema. Dakika ya arobaini, jeshi likipita sokoni, mwanamke mmoja alikatiza nyuma ya farasi akiwa na beseni ya bluu kichwani. Alikuwa Kiende, mke wa Rimberia, aliyezikwa mwezi wa tatu mwaka uliopita.

Rimberia alimjua kwa viatu. Zilikuwa akala alizomkatia yeye mwenyewe kutoka tairi la lori, kamba ya kushoto imeshonwa kwa uzi mwekundu kwa kuwa mweusi ulikuwa umeisha. Kiende alimtazama farasi mmoja aliyelala kando ya njia, akatikisa kichwa, akaenda zake. Filamu ikaendelea. Stelingi, shujaa wa filamu, akalipiza kisasi cha babake, Jattani akafungua dirisha, watu wakatoka.

Nje, kwenye kivuli cha mabati, wale watatu walikaa kutoa maoni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao ya jioni, na kila mmoja alipima filamu kwa kitu anachokijua.

"Huyo stelingi leo hana kitu," Guyo alisema. "Umeona vile anatembea? Miguu ya nyuma imelegea. Singempeleka soko."

"Ana miguu ya nyuma ngapi, Guyo?"

"Nyamaza, Mbugua. Mguu ni mguu."

"Mimi shida yangu ni ile mlango alivunja na kichwa," Mbugua akasema. "Hiyo ni plaiwudi nyembamba kabisa. Hata Shiku wangu anaivunja, na ako darasa la pili."

"Viatu ni vya kuazima," Rimberia akasema. "Vinamlegea kisigino."

Wakachambua miraa, wakatafuna.

"Lakini yule mama wa beseni ameigiza vizuri," Guyo akasema. "Hakuangalia kamera. Wengi wanaangalia kamera."

"Si ni Kiende, yule?" Mbugua akauliza.

"Ni yeye."

"Nilidhani. Amefanya kazi safi."

Rimberia alipofika nyumbani alikuta akala za Kiende pale pale zinaponing'inia, kwenye msumari nyuma ya mlango. Zilikuwa na tope la manjano ambalo halipatikani Isiolo. Akazipangusa kwa kitambaa, akazirudisha msumarini.

Kiende alikuwa mtu wa filamu tangu zamani. Siku za Jumapili, wakitoka kanisani, alikuwa akiingia na mumewe kwa Jattani, beseni chini ya miguu, na humo ndani walikuwa hawapatani. Rimberia alitaka kumwangalia stelingi. Kiende alitaka kujua habari za wale wa nyuma. Askari akipigwa risasi akaanguka kutoka kwenye ukuta, yeye aliuliza, "Huyo wa kofia, nyumbani kwake wataambiwa na nani?" Watu waligeuka kumtazama. Rimberia alimwambia kwa aibu, "Wewe mama, angalia stelingi. Hao wengine wameletwa wafe ili filamu isonge." Na akamfundisha sheria ambayo kila mtu wa mabanda ya video anaijua: stelingi hafi. Anaweza kupigwa, kutupwa mtoni, kuchomewa nyumba, lakini hafi.

Kiende alisema sheria hiyo lazima iliandikwa na wakubwa.

Baada ya ile ya Kichina aliendelea kutokea. Kwenye ya Kihindi alikuwa jirani wa arusi, akala zikarudi na unga wa rangi. Kwenye ya Wazungu alipita barabarani kukiwa na theluji, na asubuhi chini ya msumari kukawa na kidimbwi cha maji. Halafu akapewa maneno. Mhalifu alikuwa akikimbizwa juu ya mapaa, akatua mbele ya Kiende, naye Kiende akasema kitu kwa Kimeru. Mtafsiri akapaza sauti, "Mama anasema, maadui wamefika, kijana okoa maisha yako!"

"Rimberia, ati amesema aje?" Guyo akanong'ona.

"Ameuliza kama nimefungia kuku."

"Na umefungia?"

"Bado."

"Basi enda ufungie."

Rimberia hakwenda. Alikuwa akihesabu. Kwanza Kiende alipita nyuma ya farasi, kisha jirani, sasa anazungumza. Kwenye filamu iliyofuata alimtibu mkwe wa stelingi, na kwenye ile nyingine alimpiga mhalifu kwa beseni na watu wakapiga makofi. Alikuwa anapanda cheo. Kwa mwendo huo, kabla mwaka haujaisha angekuwa stelingi mwenyewe. Na stelingi hafi. Rimberia hakumwambia mtu hesabu hiyo, lakini alianza kunyoa ndevu kabla ya saa nane.

Kitu alichowaambia watu ni kile cha sanduku. Kila mtu mjini alikuwa amekisikia, hata wafugaji wa Oldonyiro waliokuja kununua akala mara moja tu kwa mwaka. Kwamba Kiende alipopelekwa hospitali kifua kimembana, kwenye korido kulikuwa na sanduku kubwa lenye mashine ya kutengeneza hewa ya wagonjwa, mpya, na utepe mwekundu umefungwa juu yake. Kwamba muuguzi alisema hawezi kuigusa kwa sababu haijafunguliwa rasmi. Kwamba mkubwa wa kuifungua alikuwa hajapata nafasi. "Imefungwa kwa utepe," Rimberia alikuwa akisema, "si kwa kufuli. Utepe! Wakubwa wa nchi hii watakuja kuulizwa." Alilisema kwa chifu, akalisema kwa redio alipopata laini, akalisema kwa diwani ambaye alimpa pole na kofia. Lilikuwa jambo la kweli, kila neno. Ila alikuwa akilianzia katikati.

Mwezi wa nane Jattani aliletewa katoni ya diski, na moja haikuwa na picha wala jina. Akaijaribu dakika chache, akaizima, akatoka akafuta ubao. Aliandika KIENDE.

Watu walijaa mpaka wengine wakaketi juu ya pipa. Mkubwa mmoja wa afya alikuwa akipita na gari, akaona umati, na mkubwa hawezi kupita umati bila kuusalimia. Akaletewa kiti cha plastiki, akawekwa mbele kabisa, na msaidizi wake akasimama kando akimshikia simu.

Filamu ilianza ndani ya banda la Jattani. Wazee watatu wapo kwenye benchi la pili. Makandi, jirani, anaingia mbio bila viatu. "Baba Mwenda, twende! Mama Mwenda anashindwa kupumua." Na Rimberia wa kwenye filamu, bila kuondoa macho mbele, anasema, "Mwambie nakuja. Wacha stelingi amalize."

Banda zima likacheka, kwa sababu hakuna mtu pale ambaye hajawahi kusema hivyo. Mtafsiri wa Nairobi hakusema kitu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akinyamaza. Kwenye filamu Makandi alisimama mlangoni robo saa nzima, na kamera haikuondoka kwenye miguu yake.

Halafu hospitali. Muuguzi, dada mwembamba anayeonekana amechoka, alimkalisha Kiende kwenye benchi la korido. "Pole, mzee. Kulikuwa na mtungi mmoja wa hewa umebaki. Tumempa mtu robo saa iliyopita." Rimberia wa kwenye filamu alionyesha sanduku kwa kidole. "Hiyo haijafunguliwa rasmi," muuguzi akasema. Kamera ikamshukia Rimberia mpaka mfukoni, ambako kisu chake cha kukatia tairi kilikuwa kimetokeza mpini. Kikabaki hapo.

Rimberia wa kwenye benchi alikaa ameshika magoti. Alikuwa anangoja sheria ifanye kazi.

Kiende alivuta pumzi mara mbili, akamwuliza muuguzi, "Huyo aliyepewa mtungi, amepata nafuu?"

"Amepata, mama."

Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Mwenda. Hiyo filamu iliisha aje?"

"Stelingi amepona."

"Heri," Kiende akasema, na akafa.

Maneno hayo ya mwisho Rimberia alikuwa hajawahi kumwambia mtu yeyote, hata mchungaji. Lakini yalikuwa sahihi. Filamu haikuongeza wala kupunguza. Picha ya mwisho ilikuwa ya sanduku peke yake kwenye korido, utepe ukicheza kidogo kwa upepo wa feni, kisha ikawa nyeusi na Jattani akafungua dirisha.

Mkubwa alisimama akapiga makofi, na waliokuwa nyuma yake wakapiga pia. Akaombwa atoe maoni. Alisema ni filamu nzuri yenye mafunzo, kwamba inaonyesha wananchi wasichelewe kufika hospitali. Alisema sanduku limepigwa picha vizuri sana. Dosari ndogo tu aliyoiona ni kwamba mkubwa anayengojwa hakuonekana hata mara moja, na kama wangemwonyesha, hadithi ingekuwa na uzito. Kuhusu mashine yenyewe, alisema iko kwenye ratiba. Akapiga picha na Rimberia, akaingia garini.

Wale watatu walikaa kivulini.

"Kiende hana mpinzani," Guyo akasema. "Lakini huyo bwana wake, mzee mwenzangu, usikasirike, ameigiza vibaya. Amesimama kama ng'ombe anangoja kupakiwa lori."

"Sikasiriki. Ni kweli."

"Mimi ni ile kisu," Mbugua akasema, akiangalia chini. "Kwa nini watuonyeshe kisu kama hakitatumika? Inakata tairi ya lori, na pale ni utepe."

Rimberia alipapasa suruali yake. Kisu kilikuwa mfukoni hata wakati huo.

"Sasa stelingi alikuwa nani?" Guyo akauliza.

"Si jina liko kwa ubao? Ni Kiende."

"Hawezi kuwa, Mbugua. Kiende amekufa. Stelingi hafi."

"Basi ni Rimberia."

"Huyo? Huyo hajafanya kitu tangu mwanzo mpaka mwisho."

Wakafikiri. Jattani, aliyekuwa akirudishia friji umeme, ndiye aliyesema kutoka ndani.

"Stelingi ni sanduku. Limeingia zima, limetoka zima, hata mkwaruzo halina."

Rimberia alirudi nyumbani, akakuta akala kavu, zikinuka dawa ya kuoshea sakafu.

Diski ile iligoma siku iliyofuata, na Jattani akaitumia kufukuzia ndege kwenye mahindi yake. Kiende alirudi kwenye sehemu zake ndogo. Anapita na beseni nyuma ya vita, nyuma ya arusi, nyuma ya wapelelezi wanaokunywa chai, na hajapewa tena neno la kusema. Sanduku lipo kwenye korido. Wauguzi huweka thamosi juu yake, na mwezi wa kumi utepe ulibadilishwa, kwa kuwa ule wa kwanza ulikuwa umepauka na mkubwa angeweza kuja wakati wowote.

Rimberia bado huingia kila saa nane na kukaa mwisho wa benchi. Lakini ikibaki robo saa filamu iishe, hata kama stelingi yuko ukingoni mwa jabali anashikilia kwa vidole viwili, yeye huinuka. Hutembea haraka kando ya barabara, bila kusalimia mtu, kama mtu aliyeitwa. Akifika hufungia kuku, huchukua akala msumarini, hukaa kwenye kizingiti na kitambaa na kuanza kupangusa vumbi la nchi zingine.

Guyo hupitia hapo akienda kuswali. Husimama nje ya ua.

"Salaam aleikum, Rimberia. Umekosa mwisho tena."

"Nimekosa. Iliisha aje?"

"Stelingi amepona."

"Heri," Rimberia husema. Hutema mate kidogo kwenye kitambaa, hupitisha pale kwenye uzi mwekundu. "Na wale wa nyuma?"

Guyo hufikiri kwa haki kabisa, kama anayekumbuka meno ya fahali aliyemwona sokoni asubuhi.

"Wale," husema, "sikuwaangalia."